Impreza yangu, mshipi wa kuvulia samaki na milimita 25

Ukiwa umesimama kando ya gari, tairi lile la mbele kushoto lilikuwa zima kabisa. Meno marefu, ukingo wa nje umejaa, hata maandishi ya ubavuni hayajafifia. Fundi akapitisha mkono nyuma yake, akapapasa upande wa ndani, kisha akautoa haraka. Nyuzi za chuma zilikuwa zimeanza kutokeza. Tairi hilo lilikuwa na miezi minne.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimetoka nalo Dar es Salaam kurudi Morogoro, mvua inanyesha tangu Chalinze, mke wangu na mtoto wamelala kiti cha nyuma. Ninaandika haya kwa sababu ya zile nyuzi za chuma, na kwa sababu kila nikipita mtaani naona vijana wenye Subaru, Altezza na Mark X wakiwa wamezishusha gari zao mpaka tairi limeingia ndani ya madigadi, na najua kwamba wengi wao hawajawahi kupapasa upande wa ndani.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, ile tunayoiita GDA, injini ya EJ205 yenye turbo, lita 2, gia tano za mkono. Nililinunua likiwa limeshushwa tayari. Mwenye nalo aliniambia limewekewa springi za michezo, na mimi niliyekuwa nikililia gari hilo tangu shuleni sikuuliza swali la pili. Kulitazama tu kulinitosha. Lilikuwa limelala barabarani kama chui anayevizia.

Kazi yangu ni upimaji ardhi. Siku nzima nashughulika na pembe, usawa na mistari, na nikikuta kigingi kimehama sentimita tano sisaini ramani. Lakini gari nililokuwa nalipandisha familia yangu nilikaa nalo miezi minne bila kulipima. Hilo linaniuma hadi leo.

Tulipolipandisha jeki na kufungua magurudumu, springi zilionekana wazi. Hazikuwa za michezo wala za nini. Zilikuwa za kiwandani, zimekatwa kwa mashine ya kusaga chuma, ncha ya chini imeachwa kama ilivyokatwa. Springi ya kiwandani ina ncha iliyotengenezwa ikae sawasawa kwenye kikalio chake. Ukiikata, ncha mpya haikai popote vizuri. Gari likiwa chini unaweza usijue, kwa sababu uzito unaibana. Gurudumu likining'inia, mathalani unaporuka tuta au ukiingia shimo, springi inalegea na kuanza kuzunguka kwenye kikalio. Yetu ilikuwa imeshachimba chuma upande mmoja.

Nikachukua futi. Kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi ya mbele nikapata milimita 325. Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye gari kama langu ambalo halijaguswa, nikapata 385. Kwa hiyo gari langu lilikuwa chini kwa milimita 60, na shokapu zake zilikuwa zile zile za urefu wa kiwandani. Maana yake bomba la shokapu lilikuwa limezama muda wote, likifanya kazi kwenye kipande kidogo cha mwisho juu ya raba ya kugongea, ile inayozuia chuma kisigonge chuma shokapu ikifika mwisho. Nilifunga kebo tai kwenye bomba la shokapu ya mbele, nikaisogeza hadi chini, nikaendesha kutoka Kihonda hadi Msamvu na kurudi. Ilikuwa imesukumwa hadi kwenye raba kabla sijafika hata mzunguko wa barabara wa Msamvu. Hiyo kebo tai niliinunua kwa shilingi mia mbili, na ni chombo cha kwanza ninachomshauri mtu yeyote akinunue kabla ya springi yoyote. Inakuonyesha umebakiwa na nafasi kiasi gani. Gari linalogonga raba kila wakati halina tena springi. Katikati ya kona, gurudumu la nje linapogonga raba, ugumu wa upande huo unaongezeka ghafla na tairi linaachia lami bila kukuonya.

Sasa kuhusu tairi. Mimi, kama watu wengi, niliamini kwamba gari likishushwa tairi huliwa ndani kwa sababu ya kemba, yaani gurudumu kulala, juu kuingia ndani na chini kutoka nje. Nilikosea. Kemba ina mchango wake, lakini kilichokula tairi langu ni too.

Too ni namna magurudumu mawili ya ekseli moja yanavyotazama, kama miguu ya mtu anayetembea: vidole vinaweza kuelekea ndani au nje. Magurudumu yangu ya mbele yalikuwa yametanuka mbele. Nilipopima baadaye, kila moja lilikuwa limepotoka milimita 2 kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Milimita 2 ni nini? Rimu yangu ya inchi 17 ina kama milimita 450 kutoka ukingo hadi ukingo pale ninapopimia. Gawanya 2 kwa 450, uzidishe kwa mita elfu moja. Katika kila kilomita, tairi lile lilikuwa linaburuzwa kando zaidi ya mita 4. Dar hadi Morogoro ni yapata kilomita 190. Kila nilipofanya safari hiyo, nilikuwa nimeliburuza tairi kando kwa zaidi ya mita 800, kama mtu anayevuta gunia juu ya lami. Na kwa kuwa gurudumu limelala kidogo, mburuzo wote unaangukia ukingo wa ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Hesabu hii niliifanya nyuma ya kitabu cha uwandani, nikakaa kimya muda mrefu.

Ajabu ni kwamba gari lilikuwa limepigwa alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu. Wiki ile niliyolinunua nililipeleka mahali penye mashine ya kompyuta, wakanipa na karatasi yenye namba za kijani. Karatasi ninayo mpaka leo. Too ya mbele: sifuri. Namba hizo ilikuwaje zikawa kweli pale na uongo barabarani?

Jibu nililipata nyumbani, juu ya sakafu ya banda langu, na ndilo lililonifundisha kuliko yote. Gari lenye sasipensheni ya aina hii, ambapo shokapu ndiyo mhimili wa gurudumu, ukilishusha kutoka kwenye jeki halirudi kwenye urefu wake papo hapo. Matairi yamejikusanya kwa ndani, yanashikwa na sakafu, na gari linabaki limesimama juu. Nilipima: milimita 18 juu ya urefu wake wa kawaida. Nikalisukuma mita tano mbele na mita tano nyuma, likajituliza. Nikapima tena. Kwa hizo milimita 18 tu, too ilitoka sifuri ikafika milimita 4 kwa magurudumu yote mawili. Ni dhahiri kwangu kwamba siku ile lilirekebishwa likiwa bado limesimama juu, halijasukumwa. Kwenye gari la urefu wa kiwandani kosa hilo lisingeonekana sana. Kwenye gari lililoshushwa milimita 60 liliua matairi mawili.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Gurudumu la mbele linashikwa na vitu viwili kwa chini: mkono wa chini wa sasipensheni, na tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye stelingi reki kulikunja gurudumu. Gurudumu likipanda na kushuka, vyote viwili vinachora duara. Waliolitengeneza gari walipanga duara hizo zifuatane, kwa urefu ule waliouchagua wao. Ukilishusha gari sana, mkono na tairodi vinafika kwenye sehemu nyingine ya duara zao, mahali ambapo haviendi tena pamoja. Kila gurudumu linapopanda, tairodi inalisukuma lielekee kwingine. Gari linajipinda lenyewe bila wewe kugusa usukani. Kama umewahi kupita kwenye mifereji iliyochimbwa na malori kwenye lami ya barabara kuu ya kwenda Iringa ukahisi usukani unakunyang'anya mikono, na gari lako limeshushwa, usikimbilie kulaumu barabara peke yake.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu lilivunja imani niliyokuwa nayo tangu utotoni: kwamba gari likiwa chini halilali kwenye kona.

Chukua karatasi uchore gari kwa mbele. Mkono wa chini uchore kama mstari, uuendeleze kuelekea upande wa pili wa gari. Halafu, kutoka kikalio cha juu cha shokapu, chora mstari unaofanya digrii 90 na shokapu, nao uelekee huko huko. Mistari hiyo itakutana mahali. Kutoka hapo chora mstari wa tatu urudi hadi tairi linapogusa lami. Pale mstari huo unapokata katikati ya gari ndipo bodi linapozungukia linapolala. Mimi napaita kitovu cha mlalo. Nilichora gari langu kwa skeli ya 1:5, mara ya kwanza likiwa na 385, mara ya pili likiwa na 325. Bodi lilikuwa limeshuka milimita 60. Kitovu cha mlalo kilikuwa kimeshuka zaidi ya mara mbili ya hapo, kimeingia chini ya usawa wa lami.

Gari linalala kwa sababu uzito wake uko juu ya kitovu hicho, na umbali kati ya viwili hivyo ni kama mpini wa jembe. Mpini mrefu, nguvu nyingi. Nilikuwa nimeushusha uzito kidogo na kukishusha kitovu sana, kwa hiyo mpini ulirefuka. Gari lilikuwa chini zaidi na lilikuwa linataka kulala zaidi. Kitu pekee kilichozuia ni ugumu wa springi iliyokatwa, maana springi ukiipunguzia mizunguko inakuwa ngumu, na ile raba ya kugongea.

Na bado kuna hili: mkono wa chini ukiwa umeinamia nje kidogo, kama unavyotoka kiwandani, gurudumu linapopanda juu kichwa chake kinaingia ndani na tairi linakaa bapa kwenye kona. Mkono ukishalala sawa, faida hiyo inapungua sana. Ukizidi kupita hapo, ncha ya nje ikawa juu kuliko ya ndani, mwishowe mambo yanageuka: gari likilala, gurudumu la nje linalala nalo kuelekea nje, na unabaki umesimama kwenye ukingo wa nje wa tairi. Ndiyo maana utaona gari limeshushwa mpaka chini, mwenyewe anaongeza kemba nyingi ili lishike kona, halafu tairi zinaliwa ndani, halafu anasema Subaru inakula tairi.

Kwa hiyo nikajiwekea sharti moja. Mkono wa chini usipite usawa. Unaweza kukaribia kulala, lakini ncha ya nje ibaki chini ya ile ya ndani hata kama ni kwa unene wa kidole. Urefu wa gari utapatikana kutoka hapo, sio kutoka kwenye nafasi kati ya tairi na madigadi. Nilipoweka pimamaji chini ya gari la rafiki yangu na kuhesabu, sharti hilo lilinipa milimita 25. Sio 60, wala 40.

Zipo njia za kwenda chini zaidi bila kuharibu. Kuna boljointi, vile viungo vya mkono wa chini na gurudumu, zenye shina refu zinazorudisha mkono kwenye mwelekeo wake, na lazima ziende pamoja na tairodi endi, yaani viungo vya ncha za tairodi, zilizorekebishwa vivyo hivyo, vinginevyo umetengeneza kimoja ukaharibu kingine. Nimewahi kuona gari lililowekewa boljointi ndefu peke yake. Lilikuwa linatangatanga kuliko langu. Vifaa hivyo ni kazi nzuri kwa gari la mashindano. Kwa gari linalokwenda shambani Mlali kila Jumamosi, milimita 25 zinanitosha, na sihitaji kudanganya jiometri kwa chochote.

Mtu atauliza, milimita 25 zina faida gani basi? Kama uzito wa gari umekaa nusu mita hivi juu ya lami, umeushusha kwa asilimia 5. Ni faida ndogo ya kweli. Faida kubwa zaidi inatoka kwenye springi na shokapu zinazolingana, ngumu kidogo kuliko za kiwandani, zenye nafasi ya kupumua.

Vifaa nilivitafuta Ilala na Gerezani kwa siku mbili. Nilinunua shokapu mpya za KYB nne, na springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya GDA, zenye ncha zake na rangi yake. Huko Gerezani ndiko nilikokutana na mzee mmoja fundi, aliyekaa kwenye kigoda mbele ya rundo la mikono ya sasipensheni. Nilimwamkia, nikamweleza nilichonacho. Akaniuliza, "Mwanangu, bushi umezitazama?" Nikasema bado. Akasema, "Basi rudi ukazitazame kwanza. Utapima nini kwenye kitu kinachocheza?"

Alikuwa sahihi. Bushi za nyuma za mikono ya chini zilikuwa zimechanika, na boljointi ya kulia ilikuwa na mchezo ukiitingisha kwa mtaimbo. Gari lenye bushi zilizochanika unaweza kulipima likiwa limesimama ukapata namba nzuri, lakini ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma na too inabadilika. Nilinunua bushi, boljointi mbili na tairodi endi mbili. Mzee yule aliniongezea jambo jingine ambalo nimelikuta kwa mafundi wachache sana: bolti za bushi zisikazwe gari likiwa hewani. Bushi ni raba iliyogandamana na chuma pande zote mbili. Ukikaza magurudumu yananing'inia, halafu ukashusha gari, raba inabaki imesokotwa muda wote, inachanika mapema, na inalisukuma gari juu kana kwamba springi ni ndefu. Weka bolti, zifunge kwa mkono, shusha gari, likae kwenye urefu wake, ndipo ukaze.

Kazi ya kupima niliifanya mwenyewe kwa wikendi mbili. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu haihitaji mashine, inahitaji subira.

Sakafu ya banda langu haiko sawa. Nilitumia mpira wa maji, ule wanaotumia waashi, nikapata kona moja iko chini kwa milimita 9 kuliko nyingine. Nikaweka vipande vya vigae mpaka pembe zote nne zikalingana. Chini ya kila gurudumu la mbele niliweka vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi liweze kuteleza na kujituliza lenyewe. Tangi la mafuta nusu. Upepo sawa matairi yote. Kwenye kiti cha dereva mfuko wa mchanga wenye uzito wangu, kilo 74, kwa sababu gari hili haliendi bila mimi.

Kisha mshipi. Mshipi wa kuvulia samaki ni mwembamba, ukiukaza unanyooka kabisa, na hauyumbishwi sana na upepo. Nilifunga mabomba mawili ya alumini, moja mbele ya bampa na jingine nyuma, nikayatia alama umbali ule ule, nikavuta mishipi miwili, mmoja kila upande, ikiwa sambamba. Unaisogeza mpaka umbali kutoka mshipi hadi katikati ya habu ya kushoto ulingane na ule wa kulia, mbele na nyuma. Usilazimishe umbali wa mbele ulingane na wa nyuma, kwa sababu upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma haufanani. Hapo umepata mistari inayofuata mwili wa gari, na kila gurudumu unalipima kwa mstari wake: ukingo wa mbele wa rimu hadi mshipi, ukingo wa nyuma hadi mshipi.

Kemba niliipima kwa timazi. Ning'iniza timazi kutoka kwenye madigadi, ipite mbele ya katikati ya gurudumu, pima hadi ukingo wa juu wa rimu na hadi ukingo wa chini. Tofauti ya milimita 12 kwenye 450 ni digrii 1 na nusu, na zaidi kidogo. Timazi ilijenga nyumba za babu zetu, na hapa inatosha.

Utaratibu una maana. Anza nyuma. Watu wengi, na mahali pengi, wanagusa mbele tu. Magurudumu ya nyuma yasipotazama sawa yanalisukuma gari pembeni, na mbele utalazimika kukunja usukani ili liende moja kwa moja. Ukimfuata mtu wa namna hiyo barabarani utaona gari linakwenda upande kama kaa. Kwenye Impreza hii too ya nyuma inarekebishwa kwa bolti yenye kichwa cha duara lisilo sawa. Zangu mbili ziligoma. Gari zilizotoka sehemu za Japani zenye theluji zimetembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na bolti hizo hushikana na bushi kama zimechomelewa. Tulizimwagia mafuta siku tatu, moja ikatoka, ya pili tukaikata.

Kemba ya nyuma haina marekebisho ya kiwandani. Ilivyo ndivyo ilivyo, na ikiwa gari limeshuka milimita 25 inabaki ndani ya kiasi kinachovumilika. Mbele, bolti ya juu kati ya shokapu na kipande kinachobeba habu ndiyo ya kurekebishia kemba. Kemba kwanza, too baadaye, kwa sababu ukigusa kemba too inahama. Na kila ukigusa kitu, sukuma gari mbele na nyuma kabla ya kupima. Mimi nimepima mara kumi na moja.

Nilipomaliza: mbele kemba hasi (juu kuingia ndani) digrii 1 na nusu pande zote mbili, too sifuri. Nyuma kemba hasi digrii 1 na robo kushoto, 1 na nusu kulia, too imebana mbele milimita 2 kwa jumla, ili mkia utulie kwenye mwendo mkubwa. Hizi ni namba za gari langu, matairi yangu ya 215/45R17 na barabara zangu. Usizinakili bila kupima lako.

Usisahau taa. Pua ikishuka hata kidogo mwanga unashuka. Nilizirekebisha jioni, mbele ya ukuta wa jirani.

Neno kuhusu mwonekano, maana huko ndiko wengi wanakopotea. Impreza hii ukingo wa madigadi ya nyuma uko chini kuliko wa mbele, kwa hiyo hata likiwa sawa kabisa linaonekana limekalia mkia. Watu wanashusha mbele zaidi ili macho yaridhike. Ukiinamisha pua unapunguza kasta, ule mwegemeo wa shokapu kwenda nyuma unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Gari linabaki jepesi mkononi, halishiki mstari. Pima kwenye bodi chini ya milango, sio kwenye madigadi.

Tena, Subaru tuliyoipenda sisi watoto wa ukanda huu haikuwa imeshushwa. Ile iliyoshinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na nyingine mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns, zilikuwa zimeinuliwa juu, na bomba la kuvutia hewa limepanda kando ya kioo cha mbele. Waliziinua kwa sababu njia ile ilidai hivyo. Na barabara yangu nayo ina madai yake: matuta ya Mikumi, rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) kila penye kijiji, na lami iliyobonyea.

Mwezi uliofuata nilikwenda nalo Iringa. Kwenye rasta lilitetema likatulia, halikugonga. Kwenye mifereji ya malori usukani ulibaki wangu. Kitonga nilikuta foleni ya malori nusu ya mlima, lakini juu kidogo njia ilifunguka, nikapata kona nne au tano mfululizo kwa gia ya tatu, mwendo wa halali. Unakunja, linalala kidogo, linasimama pale pale, linasubiri ufungue mafuta. Sijawahi kulisikia hivyo. Mke wangu, ambaye hana habari na kemba wala kasta, alifumbua macho akasema, "Leo halirushi." Nilipofika nilitazama kebo tai. Ilikuwa imebakiza milimita 14 kabla ya raba.

Leo gari limetembea kilomita 8,200 tangu siku ile. Kila mwisho wa mwezi napima kina cha meno, ndani, katikati na nje. Mbele kushoto: milimita 5.6, 5.8, 5.7.

Zile springi zilizokatwa zilikaa bandani wiki mbili, na vijana wawili walikuja kuniuliza kama naziuza. Niliazima mashine ya kusaga chuma, nikakata kila moja vipande vitatu, ndipo nikazipeleka kwa muuza chuma chakavu.